Kanuni Ilikuwa Kwenye Daftari, Nyumba Ikaungua

Vijana wenzetu wa Kakuma na Kalobeyei, na nyinyi mlioko kambi zingine, leo tunaongea na walimu wetu wa fizikia, na wale wanaopanga masomo, na sisi wenyewe pia.

Mwaka jana nyumba ya jirani yetu iliungua. Mama alikuwa na paneli ya sola, betri ya volti 12 na TV ndogo. Waya zilikuwa nyembamba, zile za spika, zimesokotwa kwa mkono, hakuna fyuzi. Waya ukapata moto, turubai likashika. Hakuna aliyekufa, Mungu asifiwe. Lakini vyeti vya watoto vyote vilikwisha.

Kinachotuuma ni hiki: waya zile tulizifunga sisi. Sisi tuliosoma fizikia hadi kidato cha nne. Na tulimwambia mama, "Usiogope, sola ni stima ndogo, haiwezi kuchoma."

Haya, tupige hesabu ambayo hatukupiga siku ile. TV ya wati 60 kwenye stima ya volti 240 inavuta ampea 0.25. TV ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 inavuta ampea 5. Ni mara 20! Na joto ndani ya waya linafuata mkondo mara mkondo. Kwa hiyo waya uleule unapata joto mara 400. Na waya zikigusana bila fyuzi, betri inamwaga mkondo mkubwa zaidi ya huo kwa mara moja. Sasa hiyo ni stima ndogo?

Kanuni hiyo tulikuwa nayo kwenye daftari. Tuliikariri, tukaijibu kwenye mtihani, tukapata alama. Lakini hakuna siku mtu alituambia kwamba inahusu waya wa nyumbani kwetu. Mtihani wa KCSE una karatasi nzima ya vitendo, lakini wengi wetu tulishika ampea-mita kwa mara ya kwanza wiki chache kabla ya kuifanya. Miaka mitatu na nusu ni ubao na chaki tu. Hiyo siyo fizikia, jamani. Hiyo ni kukariri sala bila kujua unamwomba nani.

Tunataka nini? Betri, waya, fyuzi na balbu viingie darasani kuanzia mwaka wa kwanza wa sekondari. Mwanafunzi ajue kwamba betri ya volti 12 na ampea-saa 20 inabeba wati-saa 240, na kama ni ya risasi na asidi asiitumie zaidi ya nusu, isife mapema. Hapo hata muuza duka hawezi kumdanganya.

Kuna watakaosema: basi wakimbizi wapelekwe ufundi, fizikia ya nini? Tunakataa. Mikono bila kanuni ndiyo iliyochoma ile nyumba. Na kati yetu kuna wanaotaka kuwa mainjinia. Hatusemi lenzi na mawimbi yafutwe. Tunasema kanuni na waya visitenganishwe.

Na dada zetu je? Kwa kuwa sayansi mbili zilitosha kwa mtihani wa KCSE, waliambiwa, "Chukua bayolojia na kemia, fizikia ni ya wavulana." Lakini nani anashinda nyumbani na ile betri? Nani anawasha taa usiku mtoto akilia? Wao ndio wa kwanza kuihitaji.

Walimu wetu, tunajua vifaa ni vichache na darasa limejaa. Hatuwalaumu peke yenu. Lakini betri moja iliyochoka na waya wa mita mbili vinapatikana hata hapa kambini. Tuanze na hivyo.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa: leo usiku, kabla hujalala, shika waya wa sola yako. Kama una joto, zima, tafuta waya mnene, weka fyuzi. Usingoje mtihani.