Mtoto wa nyumba mbili asiwekwe rehani

Chukua mfano wa kijana wa kidato cha pili ambaye baba yake ni Mwislamu na mama yake ni Mkristo. Likizo ya Juni anapelekwa kwa bibi mzaa baba, na huko anaitwa Yusuf. Desemba anakwenda kwa bibi mzaa mama, na huko anaitwa Joseph. Kote anapendwa, kote anashiba. Lakini kote kuna mtu wa kumuuliza, tena kwa utani: “Wewe ni wetu au ni wa wale?”

Mbele ya watu anacheka. Akirudi nyumbani ananuna, anajifungia chumbani, na akiulizwa anasema kichwa kinamuuma. Mama anawaza malaria, baba anawaza simu. Swali la wale ndugu halimjii yeyote akilini.

Shirika la Afya Duniani linahesabu ujana kuanzia miaka 10 hadi 19. Huu ndio umri ambao mtoto hujiuliza yeye ni nani na ni wa wapi. Akiona kwamba kumpenda bibi mmoja ni kumsaliti mwingine, hubeba mzigo ambao hata mtu mzima ungemwelemea.

Mzazi anaweza kuanzia kwenye jina lake. Kisa cha Yusufu kimo katika vitabu vyote viwili. Katika Qurani ni sura ya 12, yenye aya 111. Katika Biblia kinaanza Mwanzo sura ya 37. Kote ni mtoto kipenzi cha baba, anayetupwa shimoni na ndugu zake, anauzwa Misri, anatakwa na mke wa bwana wake, anakataa, anafungwa, kisha anapanda cheo na kuwaokoa na njaa walewale waliomtupa.

Tofauti zipo, nazo ni tamu kuzungumzia. Katika Mwanzo, mwanamke anabaki na vazi la Yusufu mkononi na kulitumia kumsingizia. Katika Qurani, kanzu imechanika kwa nyuma, na hilo ndilo linaloonyesha kwamba kijana alikuwa anakimbia. Huku nguo inamtia hatiani, kule inamsafisha. Mtoto aliyesikia masimulizi yote mawili anajua jambo ambalo huenda binamu zake wa upande wowote hawalijui. Kuwa wa nyumba mbili kumempa kitu cha ziada.

Vitabu vyote viwili havimtaji mwanamke huyo kwa jina. Zulekha ni jina la masimulizi ya baadaye, na mwaka 1483 mshairi wa Kiajemi, Jami, alikifanya kisa hicho kuwa utenzi mkubwa wa mapenzi. Waswahili nao wana utenzi wao wa Yusufu.

Kisha yupo Abdulrazak Gurnah, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaenda Uingereza miaka michache baada ya Mapinduzi ya 1964, na kupata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Riwaya yake ya mwaka 1994 imetafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi na kutolewa na Mkuki na Nyota.

Yusuf wa Gurnah ana miaka 12. Baba yake anadaiwa na tajiri aitwaye Aziz, na mtoto anachukuliwa kufidia deni. Anafanya kazi dukani, anasafiri na msafara hadi bara, anaishi katikati ya Waswahili, Waarabu, Wahindi na watu wa bara, huku Wajerumani wakiikamata nchi. Mke wa tajiri anamtaka, na kanzu inachanika. Kila mtu ana lake juu yake, lakini hakuna anayemuuliza anataka kuwa nani. Mwisho wake ni vyema mzazi na kijana wausome wenyewe.

Mzazi akiifunga riwaya hiyo ajiulize: deni la nani linalipwa na mtoto wangu? Kama wakwe hawakuridhia ndoa, au mahari ilileta maneno, hilo ni deni la wakubwa. Mtoto asiwekwe rehani.

Mambo machache ya kuzingatia:

Peponi ni kitabu cha watu wazima. Mzazi akisome kwanza, kisha akisome na kijana wa miaka 16 au zaidi. Walio wadogo wasimuliwe kisa chenyewe, na ikiwezekana kila bibi asimulie anavyokijua.

Usimuulize mtoto ni simulizi ipi iliyo sahihi. Muulize Yusufu alijisikiaje alipokuwa ugenini.

Kisa hiki pia kinafungua mlango wa mazungumzo magumu: mvulana naye anaweza kusumbuliwa kimapenzi na mtu mzima. Akisema, aaminiwe, asichekwe.

Kama kijana amenuna zaidi ya wiki mbili, halali, hali au ameporomoka shuleni, apelekwe kituo cha afya. Akizungumzia kujidhuru, usisubiri hata siku moja. Tanzania ipo pia namba ya bure ya kusaidia watoto, 116.

Na kabla ya likizo ijayo, baba aongee na mama yake, mama naye aongee na wa kwake. Ombi ni moja: lile swali la utani lisiulizwe tena. Likiulizwa, kijana awe ameshafundishwa jibu na wazazi wake wote wawili: “Mimi ni wenu, na ni wa wale pia.”