Ng'ombe na Machicha ya Bia
Wafugaji wa Syokimau wako karibu na Nairobi, na huko Ruaraka kiwanda cha bia kimekuwako tangu mwaka 1922. Machicha yatokayo kiwandani ni chakula chema cha ng'ombe wa maziwa wakati wa kiangazi. Lakini ng'ombe asiyeyazoea huyanusa, akageuza kichwa. Asishindishwe njaa ili ayakubali, maana akiyafakamia huweza kuvimbiwa hata kufa. Siku ya kwanza atiliwe konzi moja tu, ichanganywe na majani yake ya kila siku na molasi kidogo. Kisha kipimo kiongezwe polepole kwa majuma mawili, tumbo lipate kuzoea. Yaliyoota ukungu yatupwe. Haraka haraka haina baraka. Debe la machicha lisimpotezee mtu ng'ombe wake.