Mwizi wa siku hizi anapiga simu kwanza

Mama mmoja wa parokia yetu hapa Bukavu, mjane anayeuza unga wa mihogo, alipokea mesaji kwamba ametumiwa dola 180. Kisha mwanaume akampigia simu akilia: amekosea namba, pesa ni za kumtoa mtoto hospitali. Mama akamhurumia. Akatuma dola 180, mtaji wake wote, bila kutazama salio. Hakuna kitu kilichokuwa kimeingia. Ile mesaji mwizi aliiandika mwenyewe, kwa namba ya kawaida, akaifananisha na za kampuni.

Habari hii ilitufikia wiki tatu baadaye, tena kwa jirani yake. Yeye alikuwa ameacha kuja ibadani, akiogopa kuitwa mjinga.

Wapendwa wasomaji, tusiseme haraka kwamba watu wetu hawana akili. Tangu M23 iliposhika Goma mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, benki zilifunga milango. Mishahara, karo za shule, msaada wa wahamishwa na hata sadaka vikahamia ndani ya simu. Noti zikawa haba, na kuzipata kwa wakala kunakula sehemu ya pesa. Pesa ilipohama, wezi nao wakahama. Na kati ya walioingizwa humo kwa lazima wako wakoko wetu ambao hawasomi Kifaransa, na mesaji nyingi zinakuja kwa Kifaransa. Basi wanampa mjukuu simu pamoja na namba ya siri, au wanamwambia wakala aiandike yeye. Mtu kama huyo atakataaje sauti inayomwambia kwa upole kwamba inatoka kwenye kampuni?

Sisi wachungaji hatukupona. Mwenzetu mmoja aliombwa kwa simu atamke kode ya tarakimu sita iliyoingia kwenye simu yake, eti ili laini isifungwe. Ile kode ilikuwa ufunguo wa WhatsApp yake. Usiku ule ule waamini wake waliombwa pesa ya dawa kwa jina lake na picha yake, na wengine walituma. Walitii mchungaji, kama tulivyowafundisha. Jambo hilo linatuuma.

Yoshua na wazee wa Israeli walidanganywa na Wagibeoni kwa mkate mkavu na viatu vilivyochakaa. Walipima ushahidi, lakini ushahidi wenyewe ulikuwa umeletwa na mdanganyifu. Mesaji ni mkate wa Mgibeoni. Salio unaloliuliza wewe mwenyewe ndilo la kwako. Vilevile jina linalotokea kabla ya kuthibitisha: yule mama alikumbuka baadaye kwamba simu ilimwonyesha jina la mwanamke, na aliyelia alikuwa mwanaume.

Ndugu zetu walioko Marekani wana vita vyao, vya kadi. Kule, namba ya kadi ya mkopo ikiibwa, sheria haimruhusu mwenye kadi kudaiwa zaidi ya dola 50 kwa manunuzi ambayo hakuyafanya. Kadi inayochota moja kwa moja kwenye akaunti ina kinga pia, ila siku zinahesabiwa: ikipotea au kuibwa, ukitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu kugundua, hasara yako haipiti dola 50, ukichelewa inaweza kufika 500, hata kupita. Lakini aliyedanganywa akatuma pesa kwa mkono wake, hata kule anahangaika sana kurudishiwa. Huku kwetu, mwizi akishapokea noti kwa wakala, hakuna tena cha kuzuia.

Kwa hiyo saa ya kwanza ni ya thamani kuliko wiki nzima ya machozi. Piga simu kwa kampuni, au kimbia ofisini kwao, uombe pesa izuiwe kabla haijatolewa. Badilisha namba ya siri. Usifute mesaji, kwa maana ndani yake mna namba ya muamala, na bila hiyo hakuna atakayekusikiliza. Kama ni WhatsApp, jiandikishe tena kwa namba yako ili mwizi atupwe nje, na umwombe mtu awaonye wengine kwa sauti. Sheria ipo: kode ya mambo ya dijitali ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu wizi wa namna hii. Lakini mahakama za serikali zilisimama hapa mji uliposhikwa, na hatutamwahidi mjane haki ambayo hatujui mlango wake. Malalamiko yaandikwe na kutunzwa.

Katika baraza la parokia tumekata shauri kwamba ombi lolote la pesa kwa jina la mchungaji lisijibiwe mpaka sauti yake isikike, hata kama ni la dola 2. Namba ya sadaka imebandikwa mlangoni. Na Jumanne, baada ya maombi ya wamama, vijana wawili wanakaa na wakoko kuwasomea mesaji zao, bila kugusa namba ya siri.

Yule mama amerudi. Wamama walimchangia magunia mawili ya unga. Jumanne iliyopita yeye ndiye aliyesimama kueleza jinsi yule mwanaume alivyokuwa akilia.