Sonona Ni Ugonjwa: Tuufute Uhalifu, Tuondoe Aibu

Rafiki anapojiua, waliobaki hupata misiba miwili kwa mpigo. Wa kwanza ni kifo chenyewe. Wa pili ni aibu: chanzo cha kifo hugeuzwa kuwa presha, mazishi huharakishwa, wasifu wa marehemu hufupishwa, na marafiki, ambao desturi zetu haziwahesabu kuwa wafiwa, hutawanyika kila mmoja na lawama zake moyoni. Wengine humlaumu marehemu kwa kuwaacha, wengine hujilaumu kwa kutoona dalili. Lawama hizi mbili zina mzizi mmoja, nao ni imani kwamba aliyekufa alikuwa na afya njema na akaamua tu. Imani hiyo inawaumiza wafiwa, na inawafunga midomo wagonjwa walio hai. Sheria yetu nayo imeibeba hadi leo. Kuiondoa ni kazi ya umma mzima, na ndiyo maana ninawaandikia.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, karibu robo tatu yao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa vijana wa miaka 15 hadi 29, kujiua ni sababu ya tatu ya vifo duniani. Nyuma ya vifo vingi kati ya hivyo ipo sonona. Huu ni ugonjwa wenye dalili zinazojulikana: huzuni au kukosa raha karibu kutwa nzima kwa wiki mbili au zaidi, usingizi kuvurugika, hamu ya chakula kubadilika, nguvu kuisha, na mtu kujiona hafai kitu. Unaweza kuchochewa na kurithi, kufiwa, ukatili, kujifungua au maradhi ya muda mrefu, na unatibika kwa ushauri wa kitaalamu, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Ni kweli kwamba si kila anayejiua ana sonona. Madeni, maumivu makali na ulevi navyo vina nafasi yake. Ni kweli pia kwamba wengi wenye sonona hawajiui kamwe. Lakini ugonjwa unapokomaa humfanya mgonjwa aamini kwamba maumivu hayana mwisho na kwamba yeye ni mzigo kwa wenzake. Rafiki hawezi kujihukumu kwa kutoona kilichofichwa na mgonjwa aliyeogopa kuitwa kichaa, mvivu au asiye na imani. Anachoweza kufanya ni kusaidia kuondoa sababu ya kuficha.

Sababu mojawapo imo katika vitabu vya sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, kifungu cha 217, inasema anayejaribu kujiua ametenda kosa. Tuliirithi kutoka kwa Waingereza, ambao wenyewe walilifuta kosa hilo kwao mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Ghana iliachana nalo mwaka 2023. Kenya nako, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yao, chenye maudhui yaleyale, kinapingana na Katiba. Wapo wanaohofu kwamba tukikifuta kifungu chetu tutakuwa tumeruhusu watu wajiue. Lakini mtu ambaye kifo hakimtishi, jela itamtishaje? Wanaotishika ni ndugu zake, wanaomkuta akiwa bado hai na kuwaza polisi kwanza kabla ya hospitali. Kumshawishi au kumsaidia mtu ajiue kunaweza kubaki kosa, kama kulivyobaki Uingereza. Tunachoomba ni kwamba aliyenusurika apokelewe na mganga, si na askari.

Wapo pia watakaosema kujiua ni dhambi. Wito huu haupingi mafundisho ya uhai. Unaomba tuyasome yote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inakiri kwamba matatizo makubwa ya akili hupunguza uwajibikaji wa mtu, na inawakataza waamini kukata tamaa juu ya wokovu wa aliyejiua. Katika Uislamu, wanazuoni walio wengi wamekubali kwamba Mwislamu aliyejiua huoshwa, hukafiniwa na kuswaliwa, hata kama imamu mkuu atajizuia ili kuonya. Kwa hiyo familia inaponyimwa ibada ya maziko, au mahubiri ya msibani yanapogeuka hukumu, mara nyingi ni ukali wetu umejivika joho la dini.

Pingamizi jingine ni kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, au ya wenye muda wa kuwaza. Uganda imelijibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka vijiji vya Rakai na Masaka ulionyesha kwamba wanakijiji maskini waliokuwa na sonona walipata nafuu kubwa katika vikundi vya mazungumzo, vilivyoongozwa na wenyeji wasio madaktari waliopewa mafunzo mafupi. Zimbabwe imejibu pingamizi linalofuata, kwamba hatuna wataalamu wa kutosha. Tangu mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amewafunza akina bibi kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati, na utafiti wa mwaka 2016 jijini Harare ulithibitisha kwamba dalili zilipungua sana kwa waliohudumiwa hivyo. Sisi tuna wahudumu wa afya ya jamii, vikoba, jumuiya za makanisa na madrasa. Watu tunao, kinachokosekana ni mafunzo na bajeti.

Bado kuna hofu kwamba kulizungumza jambo hili ni kulieneza. Hofu hiyo ina ukweli nusu. Habari zinazosimulia namna mtu alivyojiua, au kumpamba kama shujaa, zinaweza kuwadhuru walio dhaifu, na vyombo vyetu vya habari viache kabisa kuziandika hivyo. Lakini kumuuliza mtu kwa upole kama anawaza kujiua hakumpandikizii wazo. Mara nyingi humpa nafasi ya kwanza ya kulitamka. Taifa hili lilishapita njia hii. Kulikuwa na wakati UKIMWI hautajwi msibani. Mwaka 2007 Rais Jakaya Kikwete alipima VVU hadharani kuzindua kampeni ya kitaifa, na watu wengi wakajitokeza kupima. Ukimya hauponyi ugonjwa wowote.

Basi tufanye haya pamoja. Tuwaandikie wabunge wetu na kuwauliza mikutanoni, kwa jina la kifungu, lini watapeleka hoja ya kufuta kosa la kujaribu kujiua. Tuwaulize madiwani ni kiasi gani cha bajeti ya afya ya halmashauri kimetengwa kwa afya ya akili, na kama dawa za sonona zinapatikana katika kituo cha kata. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 isimamiwe ili mgonjwa wa akili asibaguliwe. Viongozi wa dini wawazike waliojiua kwa heshima ileile ya wengine. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa vijiwekee utaratibu wa kumtembelea mwanachama aliyejitenga. Marafiki wa marehemu waalikwe msibani kama wafiwa, na waangaliwe miezi inayofuata, maana nao wako hatarini. Na wewe unayesoma ukiwa umechoka na maisha, mwambie mtu mmoja leo na uende hospitali iliyo karibu. Utakayemwambia asikuache peke yako mpaka akufikishe. Aliyekwenda hatumrudishi. Anayeugua kimya mtaani kwetu bado yupo, na tunaweza kumtibu tukiacha kumhukumu.