Jina la Uongo

Sina ugomvi na manukato, wala na elimu ya kemia, ambayo nimeiheshimu maisha yangu yote. Ugomvi wangu ni na jina la uongo.

Wauza manukato wana kitu wakiitacho Aldehaidi C-16, kinachonukia stroberi. Aliyesoma kemia vyema akilisikia jina hilo atadhani ni aldehaidi yenye atomi 16 za kaboni. La hasha! Kitu hicho si aldehaidi bali ni esta, na kaboni zake ni 12, haidrojeni 14 na oksijeni 3. Na ndugu zake ni walewale. Aldehaidi C-14, inukiayo pichi, ni laktoni yenye kaboni 11. Aldehaidi C-18, inukiayo nazi, ni laktoni yenye kaboni 9. Majina haya yalisaidia kuwaficha washindani kilichomo chupani. Siri imekwisha kufichuka zamani, lakini uongo ungali unafanya kazi.

Wako watakaosema, "Mzee, jina ni jina tu." Mwalimu hawezi kulikubali hilo. Mwanafunzi akiandika katika mtihani kwamba kaboni 12 ni 16, tunampa sufuri. Kwa nini mfanyabiashara apewe alama zote?

Tena uongo huo haukubaki maabara. Esta hii hutengenezwa kutokana na asetofenoni na ethili kloroasetati. Haihitaji hata tone moja la tunda. Lakini peremende na shampuu zenye harufu za namna hii huchorwa stroberi nyekundu yenye jani bichi na umande juu yake. Watoto wetu wengi wameijua harufu kabla ya kuliona tunda, na siku wakiliona hulalamika kwamba halinukii vya kutosha. Kivuli kimekuwa hakimu wa mti!

Siungani, hata hivyo, na wale wanaopiga kelele "kemikali, kemikali" kana kwamba wameona nyoka. Maji nayo ni kemikali, na harufu ya stroberi ya shambani ni mchanganyiko wa kemikali nyingi. Kutengenezwa na binadamu si aibu. Aibu ni kutengenezwa kiwandani kisha kujidai mzaliwa wa shamba.

Basi nadai mambo mawili. Mwenye kiwanda aandike mbele ya chupa, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka: harufu ya kutengenezwa. Na mwalimu alete chupa hiyo darasani, awaulize wanafunzi: jina linasema nini, na kitu chenyewe kina nini? Mtoto aliyezoea kuiuliza sabuni swali hilo, kesho atamwuliza mgombea anayeomba kura yake.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kama harufu hiyo ni njema, na ijiuze kwa jina lake.