Maji Hayaleti Malengelenge

"Msimmwagie maji, atavimba!" Hapa Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu, ndiyo sauti ya kwanza mafuta ya kukaangia ndakala yanapomrukia mtu au sufuria ya maharagi inapopinduka juu ya mbabula. Mmoja anakimbilia dawa ya meno, mwingine chupa ya mawese, wa tatu anapasua yai. Bidoni ya maji iko palepale na hakuna anayeigusa. Imani hii inaumiza watu wetu, watoto kuliko wote, na sioni sababu ya kuiheshimu eti kwa kuwa tuliirithi kwa bibi zetu.

Lengelenge halitoki kwenye bidoni. Joto hutenganisha tabaka la juu la ngozi na lile la chini, kisha majimaji ya mwili wenyewe yanajaa katikati. Lingetokea hata mkono ungekaa mkavu siku nzima. Kwa kuwa mara nyingi huchelewa kujitokeza, aliyemwagiwa maji huyaona maji ndiyo yaliyomletea.

Tena, mtu akiondolewa motoni hajaacha kuungua. Joto lililokwisha kuingia linazidi kushuka chini ya ngozi. Maji yanalitoa, mawese yanalifungia ndani. Yai bichi linaweza kupeleka vijidudu kwenye kidonda. Dawa ya meno ina mnanaa, kwa hiyo mgonjwa anasikia ubaridi huku nyama inaendelea kuiva, na akifika hospitali muuguzi inambidi aondoe ule ukoko mweupe kabla hajajua jeraha lina kina gani. Mtoto anateswa mara ya pili.

Watanijibu: mimi nilipakwa, nikapona. Kweli. Jeraha dogo la juujuu hupona lenyewe, lipakwe lisipakwe, na sifa inaiendea dawa ya meno. Asali nayo imefanyiwa utafiti na inaweza kusaidia baadhi ya majeraha kufunga, ila ni asali iliyosafishwa kwa kazi hiyo, juu ya jeraha lililokwisha kupozwa.

Akina mama wa Mulongwe wana hoja nzito zaidi: maji yenyewe yako wapi? Bomba linakauka, na ziwa tunaliogopa kwa kipindupindu. Wana haki. Lakini tuhesabu. Madaktari wa majeraha ya moto wanashauri kupoza kwa dakika 20. Kopo la lita moja likimiminwa polepole kila dakika, bidoni moja ya lita 20 inatosha. Yawe maji safi ya kunywa kama yapo, na yasiwe barafu. Pete na bangili zivuliwe mapema, kabla mkono haujavimba. Mwili uliobaki wa mtoto ufunikwe asipate baridi. Hata aliyechelewa bado anafaidika, mradi saa tatu hazijapita tangu aungue. Kisha kitenge safi kikavu, kisichobana, na lengelenge lisipasuliwe.

Akiungua usoni, mikononi, kwenye viungo au sehemu za siri, au jeraha likizidi ukubwa wa kiganja chake, apelekwe hospitali, na aulizwe kama amechanjwa pepopunda. Mtoto mchanga apelekwe kwa jeraha lolote.

Yanayofuata baada ya hapo tunayapuuza kabisa. Mtoto aliyeungua kiwiko hukikunja kwa sababu hivyo hakiumi, nasi tunamwachia kwa huruma. Ngozi inayopona hujivuta, na mkono unabaki umekunjwa miaka yote. Kiwiko kinyooshwe kila siku kama muuguzi atakavyoelekeza, na vidole vifungwe kimoja kimoja visije vikagandana. Mwili unaojenga ngozi mpya unataka ndakala, maharagi na lile yai, sasa likiwa limechemshwa. Mafuta laini ya kupaka nayo yana wakati wake: jeraha likishafunga.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moto na vimiminika vya moto huua watu 180,000 kila mwaka. Sisi tunaikumbuka Sange, tarehe 2 Julai 2010, lori la mafuta lilipolipuka na kuua zaidi ya watu 200. Uji unaomwagikia mtoto hauna siku ya kumbukumbu. Picha za kunawa mikono nimeziona kwenye kuta nyingi za vituo vya afya. Picha ya mkono unaomiminiwa maji baada ya kuungua sijaiona hata moja. Wakuu wa afya wa Uvira waichoreshe, na redio zetu zilitangaze jambo hili jioni, saa ambayo mbabula zinawashwa.