Lugalo na fumbo la uhasama wa Uingereza na Ujerumani

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa, akishapita Ilula wilayani Kilolo, hufika Lugalo. Kando ya barabara kuu upo mnara wa kumbukumbu ya kikosi cha Kijerumani kilichoangamizwa na majeshi ya Mtwa Mkwawa, Agosti 17, 1891. Kamanda wake, Emil von Zelewski, aliuawa pamoja na Wazungu wenzake tisa na askari Waafrika zaidi ya 200.

Ni nadra Lugalo kutajwa katika mjadala unaowagawa wanahistoria hadi leo: uhasama wa Uingereza na Ujerumani, ulioiingiza Afrika Mashariki katika vita mwaka 1914, chanzo chake kilikuwa nini hasa? Hata hivyo, tarehe za Kilolo zina ushahidi ambao mjadala huo hauwezi kuukwepa.

Jibu linalofahamika zaidi kwa waliosoma historia sekondari ni kugombea makoloni. Ndivyo alivyoandika Lenin mwaka 1916, kwamba mabepari walikwisha kuigawana dunia na sasa walipigania kuigawana upya. Mwaka 1961, Mjerumani Fritz Fischer aliwakasirisha wenzake, akiwamo Gerhard Ritter, aliposema kuwa watawala wa nchi yake ndio waliotaka ukuu wa dunia na wakawa tayari kuupigania. Mwingereza Paul Kennedy, katika kitabu chake cha mwaka 1980, aliona mzizi katika uchumi: viwanda vya Ujerumani vilikua kwa kasi, na tangu sheria ya mwaka 1898 Berlin ikaanza kujenga manowari za kutishia ukuu wa Uingereza baharini. Mwaka 2012, Christopher Clark alisema lawama haiwezi kubebeshwa taifa moja.

A.J.P. Taylor aligeuza swali. Katika kitabu cha mwaka 1938 alidai kuwa Bismarck hakuyahitaji makoloni yenyewe alipoanza kuyachukua mwaka 1884. Alichohitaji ni sababu ya kugombana na London ili ajisogeze karibu na Ufaransa. Kwa hoja hiyo, Afrika ilikuwa kisingizio tu.

Je, kumbukumbu za Afrika Mashariki zinasemaje? Zinaonyesha kuwa wakubwa hao wawili walielewana kwa urahisi wa kushangaza. Mwaka 1886 waligawana bara. Julai 1, 1890 walimaliza yaliyobaki: Ujerumani iliacha madai yake Uganda na Witu, Uingereza ikapata Zanzibar, na kisiwa cha Heligoland kikaenda kwa Wajerumani. Zelewski alipokuwa anachoma vijiji vya Uhehe miezi 13 baadaye, hapakuwa na Mwingereza wa kumwahi wala wa kumzuia. Mwaka 1898, mwaka aliokufa Mkwawa, mataifa hayo yalipatana kwa siri namna ya kugawana Angola na Msumbiji iwapo Ureno ingeshindwa kulipa madeni.

Ni kweli kwamba Afrika ilichochea hasira pia. Simu ya Kaiser ya kumpongeza Rais Kruger wa Transvaal, Januari 1896, iliwaudhi Waingereza, na migogoro ya Morocco ya mwaka 1905 na 1911 iliwasogeza kwa Wafaransa. Lakini upande huu wa bara, hata vita ilipotangazwa mwaka 1914, Gavana Heinrich Schnee alitaka koloni lake lisiingie vitani. Vita ililetwa hapa, haikuzaliwa hapa.

Vita ya Lugalo ilikuwa na chanzo chake chenyewe. Alison Redmayne, aliyeandika juu ya vita vya Wahehe mwaka 1968, alionyesha jinsi Uhehe, iliyounganishwa na Munyigumba kisha mwanawe Mkwawa, ilivyokuwa nayo dola yenye kutanuka. Dola mbili zilikutana kwenye njia ya misafara, na mojawapo ilikuwa na bunduki za kisasa. Kalenga ikaanguka Oktoba 30, 1894.

Uhasama wa wakubwa ulifika Iringa Agosti 1916, majeshi ya Jenerali Northey yalipoutwaa mji. Baada ya vita, msimamizi wa Kiingereza, Horace Byatt, alishauri fuvu la Mkwawa lirejeshwe, kuwazawadia Wahehe waliowasaidia Waingereza na kuonyesha kuwa enzi ya Mjerumani imekwisha. Ndipo Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukawa na vifungu viwili vya aina yake: cha 231, kilichoibebesha Ujerumani dhamana ya vita, na cha 246, kilichoitaka ilikabidhi fuvu hilo kwa Serikali ya Uingereza. Kifungu cha kwanza kimejaza maktaba. Cha pili kilingoja hadi Juni 19, 1954, Gavana Edward Twining alipomkabidhi Chifu Adam Sapi Mkwawa fuvu lililotoka Bremen.

Suala hili si la maktaba tu. Novemba 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha Songea kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji, na mabaki ya wazee wengine bado yanadaiwa. Anayesema makoloni yalikuwa matokeo ya ushindani wa Ulaya anaweza kuyaona mauaji ya Uhehe kama ajali ya siasa za mbali, isiyo na mwenyewe.

Tarehe zinakataa. Uhehe haikuvamiwa kwa sababu wakubwa waligombana. Ilivamiwa wakiwa wamepatana. Wanahistoria wataendelea kubishana nani alianza mwaka 1914. Kuhusu Lugalo, swali la nani aliingia nyumbani kwa nani lilikwisha kujibiwa mwaka 1891.